Mujarabu: Neno la Mganga na Neno la Profesa

Kwenye mlingoti wa stima karibu na steji ninaposhukia kuna karatasi imebandikwa kwa gundi ya unga. Imeandikwa kwa herufi nyekundu: dawa mujarabu ya kurudisha mpenzi, kupata kazi, kushinda kesi, kukuza biashara. Chini yake kuna nambari ya simu. Mvua ikinyesha rangi inachuruzika, na baada ya wiki moja karatasi mpya inatokea palepale.

Jioni moja nilikuwa nimejibanza hapo nikingoja mvua ipungue huku nikisoma mabishano kwenye simu. Msee mmoja alikuwa ameandika kwamba bei ya unga ikipanda, wizi wa simu unaongezeka mtaani kwao. Mwingine akamjibu, kwa Kiingereza cha kuvaa tai, kwamba alete "empirical evidence" au anyamaze. Akanyamaza. Nikainua macho nikasoma lile tangazo tena. Mujarabu. Nikarudi kwa simu. Empirical. Ilinichukua muda kugundua kwamba nilikuwa nimesoma neno moja mara mbili.

Ninachotaka kusema hapa ni hiki: jinsi tunavyolitumia neno "empirical" Nairobi leo, kwenye tasnifu, kwenye ripoti za miradi na kwenye mabishano ya mtandaoni, limegeuka hirizi. Tunalivaa ili wengine watuogope. Na hirizi ina sheria moja: hakuna anayeruhusiwa kuifungua aone kilichoshonewa ndani. Basi leo tuifungue.

Tuanze na asili. "Empirical" limetoka kwa Kigiriki, empeiria, yaani uzoefu, yale mtu anayoyajua kwa sababu yamempitia. Ndani ya empeiria kuna neno dogo zaidi, peira, na maana yake ni jaribio. Sasa chukua mujarabu. Limetoka kwa Kiarabu, mujarrab, kitu kilichojaribiwa, na kitenzi chake ndicho kilichotupa sisi "jaribu". Kwa hiyo mganga wa mlingotini na profesa wa chuoni wamekopa kwa majirani tofauti, lakini walichokopa ni ahadi ileile: hiki kimejaribiwa, ondoa shaka.

Cha kuchekesha ni kwamba hata lile la profesa lilianzia kwa waganga. Karne ya 3 kabla ya Kristo, mjini Alexandria, Misri, kulitokea kundi la matabibu waliojiita watu wa uzoefu. Waanzilishi wanaotajwa ni Philinus wa Kos na Serapion wa Alexandria. Walikuwa wamechoshwa na wenzao waliokesha wakibishana juu ya visababishi vilivyojificha ndani ya mwili, visivyoonekana na yeyote. Wao wakasema haja yetu ni kujua dawa gani imemfaa nani. Ujuzi wao waliuweka juu ya mafiga matatu. Figa la kwanza ni yale ambayo tabibu amejionea mwenyewe. La pili ni yale ambayo wengine waliyaona wakayaandika. La tatu ni la siku ya ugonjwa mpya: tafuta unaofanana nao, uanzie hapo.

Ukiyatazama vizuri mafiga hayo, utaona nyanya yako angekubaliana nayo yote. Ndivyo alivyojua majani gani ni ya tumbo na gani ni ya kikohozi.

Lakini maneno hupanda na kushuka cheo kama watu. Kufikia karne ya 16 na 17 nchini Uingereza, kumwita mtu "empiric" lilikuwa tusi. Lilimaanisha muuza dawa wa barabarani ambaye hakusomea, anayepapasa tu. Katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo All's Well That Ends Well, mfalme mgonjwa ambaye madaktari wake wasomi wameshindwa kumtibu anakataa kujikabidhi kwa watu wa aina hiyo. Mwishowe anayemponya ni msichana, Helena, kwa dawa aliyoachiwa na marehemu babake. Francis Bacon naye, katika Novum Organum ya mwaka 1620, hakuwaonea huruma: aliwafananisha na sisimizi wanaokusanya na kurundika tu. Wale wanaosuka kila kitu kutoka vichwani mwao aliwafananisha na buibui. Yeye alitaka nyuki, anayekusanya kutoka mauani kisha akayageuza aliyokusanya kwa nguvu zake mwenyewe.

Kutoka hapo neno likaanza kupanda. Wanafalsafa wa Kiingereza walipofika mahali pa kusema kwamba yote tunayoyajua huingia kwa mlango wa uzoefu, lile tusi la wauza dawa likavikwa joho. Leo ukiliandika kwenye ombi la ufadhili, pesa zinasogea.

Mujarabu lilipita njia hiyohiyo, ila kinyumenyume. Lilianza juu. Al-Razi, tabibu wa Uajemi aliyefariki karibu mwaka 925, aliandika kwamba aliwahi kuwatenga wagonjwa wenye dalili za homa ya ubongo, wengine akawaumika damu na wengine akawaacha makusudi, ili aone tofauti. Ibn Sina, miaka 100 hivi baadaye, aliweka masharti 7 ya kuijaribu dawa kabla ya kuiamini. Mojawapo ni kwamba ijaribiwe kwa mwili wa binadamu, maana kinachomfaa farasi au simba si lazima kimfae mtu. Vitabu vya tiba vyenye mujarrabat katika majina yao viliandikwa vingi: hizi ndizo zilizojaribiwa. Baadaye tiba ikachanganyika na hirizi, na miraba ya nambari, na dua za kuvuta mapenzi, na neno likaendelea kugongwa muhuri juu ya yote. Ndivyo lilivyofika kwenye mlingoti wetu likiwa na uwezo wa kushinda kesi.

Kwa hivyo tusicheke sana. Lugha zote mbili zimeonyesha kwamba neno linalosema "nimejaribiwa" ndilo rahisi kuliko yote kubandikwa juu ya kitu ambacho hakijajaribiwa.

Sasa tuje kwa matumizi. Makosa ninayoyaona ni manne, na mawili kati ya hayo nimeyafanya mwenyewe.

La kwanza ni kudhani "empirical" maana yake ni nambari. Ati bila asilimia na jedwali hakuna kitu. Hapana. Mtu akikaa miezi sita pale steji akiandika jinsi makanga wanavyoongea na abiria, nani anaitwa "mathe" na nani anaitwa "madam", na nauli inabadilikaje kulingana na jina hilo, huyo anafanya utafiti wa aina hii hata kama hajahesabu chochote. Upande wa pili, mwanahisabati anaweza kujaza daftari zima nambari tupu na asiwe amegusa ulimwengu hata kidogo. Swali lenyewe ni: je, ulitoka nje ukatazama?

La pili ni kudhani maana yake ni jaribio la maabara. Kosa hili tumelisaidia kwa tafsiri zetu, maana wengi huandika "-a kimajaribio" wakajihesabu wamemaliza. Lakini mwanaastronomia hawezi kuisukuma nyota aone itafanya nini. Watu wa idara ya hali ya hewa hawaijaribu mvua, wanaipima. Jaribio ni njia moja tu ya kuuliza ulimwengu swali. Kutazama kwa makini ni nyingine, na ni ya zamani zaidi.

La tatu ni kudhani maana yake ni kweli. Hili ndilo linaloua mabishano. "Empirical" inakuambia dai ni la aina gani, haikuambii kama dai limefaulu. Nikisema Nairobi ina watu milioni 10, nimetoa dai la aina hiyo kabisa, kwa sababu linaweza kupimwa kwa kuhesabu watu. Na ni la uongo: sensa ya mwaka 2019 ilihesabu karibu milioni 4.4. Yule msee wa bei ya unga na wizi wa simu alikuwa ametoa dai halali la aina hii. Alikuwa ameona kitu mtaani kwake. Jibu la haki lingekuwa: umeona wapi, kwa muda gani, na je, kuna mwezi bei ilipanda na wizi usiongezeke? Badala yake akatupiwa neno akafunga mdomo. Neno lililobuniwa ili watu waamini macho yao limetumiwa kumwambia mtu asiyaamini macho yake.

La nne ni pambo. Fungua tasnifu yoyote ya uzamili kutoka vyuo vyetu, nenda Sura ya Pili. Utakuta kichwa kidogo: "Empirical Review". Chini yake kuna aya baada ya aya za fulani alichunguza hiki Nigeria akapata hiki, fulani akachunguza kile Pakistan akapata kile, na kila aya inaishia kwamba hakuna aliyechunguza suala hilo katika kaunti ya mwandishi. Mimi pia niliandika hivyo. Sikuwa nimewasoma wote. Wengine niliwatoa kwa tasnifu nyingine ambayo nayo iliwatoa kwa tasnifu nyingine, kama uvumi unaopita kwenye foleni. Sehemu iliyobeba jina la uzoefu ndiyo ambayo sikuwa na uzoefu wowote nayo, na hakuna aliyeniuliza.

Hapa ndipo naona hasara. Tuna methali inayosema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Tuna nyingine inayosema kusikia si kuona. Zinapingana, na ni vizuri zipingane, kwa sababu mtu anahitaji zote mbili kwa siku tofauti. Lakini tasnifu ya kunakili inachukua ile ya kwanza na kuivisha jina la ile ya pili.

Na siku nyingine hasara haiishii kwenye karatasi. Mwaka 1990, wakati UKIMWI ulikuwa unaua watu Kenya na hakukuwa na dawa ya kurefusha maisha jinsi tunavyozijua leo, taasisi ya utafiti wa tiba nchini, KEMRI, ilitangaza dawa iliyoitwa Kemron. Ilikuwa interferoni kidogo sana ya kuwekwa mdomoni. Rais Moi mwenyewe aliizindua. Ripoti ya awali ilihusu wagonjwa 40, na habari zake zilikuwa tamu: watu walipata nafuu, wakarudi na hamu ya kula, wakaongeza uzani. Hebu jiweke mahali pa mgonjwa wa mwaka huo, au mamake. Ungeuliza maswali? Na ile fahari ya kwamba dawa imetangazwa Nairobi, si Paris wala Marekani, ungeipuuza?

Wale wagonjwa 40 hawakuwa uongo. Walitazamwa. Kwa maana ya matabibu wa Alexandria, figa la kwanza lilikuwepo. Kilichokosekana ni kundi la kulinganishia, watu wanaofanana nao wasiopewa dawa ile, ili ijulikane nafuu imetoka wapi. Baadaye jaribio la namna hiyo lilifanywa Uganda, kwa wagonjwa zaidi ya 500. Nusu walipewa dawa na nusu wakapewa kisicho na dawa, bila wao wala madaktari wao kujua nani amepata nini. Tofauti haikuonekana.

Sasa linganisha na mwaka 2011. Katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, ambaye sote tulimjua kama Babu, alikuwa akitoa kikombe kimoja cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500 za Tanzania. Alisema Mungu alimwonyesha. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Wakenya nao walienda kwa matatu za kukodisha, kwa magari makubwa ya kibinafsi, wengine kwa helikopta. Wengine walifia njiani. Na kila aliyerudi alikuwa na neno: jirani yangu alikunywa, sukari yake imeshuka, binamu yangu alikunywa, amepimwa hana kitu.

Msomi wa haraka atasema hapa kwamba Kemron ilikuwa sayansi na Kikombe kilikuwa imani, mwisho wa hadithi. Mimi naona zilianza mahali pamoja. Zote mbili zilianza na mtu anayesema: nimeona aliyepona. Tofauti ilikuja baadaye, kwenye kilichofanyiwa hilo neno. La Kemron lilipelekwa mahali likaulizwa maswali magumu na likashindwa. La Kikombe halikungojewa liulizwe; foleni ilikuwa imeshafika barabara kuu.

Na hapa Kiswahili kina zawadi ambayo Kiingereza hakina. Tuna maneno mawili yaliyozaliwa na mzizi mmoja: ushuhuda na ushahidi. Yote yanatokana na kushuhudia, kuwapo na kuona. Lakini tumeyatenganisha kwa akili sana. Ushuhuda unatolewa kanisani. Mtu anasimama mbele, anasema nilikuwa mgonjwa nikaombewa, na kazi yetu sisi tulioketi ni kusema amina. Hakuna anayeinua mkono kuuliza hospitali gani. Ingekuwa utovu wa adabu, na ni sawa, kwa sababu ushuhuda hauhitaji kushinda kitu. Unahitaji kupokelewa. Ushahidi unatolewa mahakamani. Huko pia mtu anasimama na kusema nilikuwapo, niliona. Lakini wakili wa upande wa pili anasimama naye. Ulikuwa umbali gani? Kulikuwa na taa? Una miwani? Umelipwa na nani kuja hapa?

Macho ni yaleyale. Kinachobadilika ni kwamba ushahidi umekubali kuulizwa.

Basi kama ningeulizwa "empirical" ni nini kwa Kiswahili, nisingeanza na neno. Ningeanza na safari hiyo, kutoka ushuhuda hadi ushahidi. Utafiti wa aina hii ni ule unaochukua kilichoonwa na kukisimamisha kizimbani. Ndiyo maana napenda sana kisa cha minyoo ya Busia. Kuanzia mwaka 1998, Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia shule 75 za msingi huko, watoto wakipewa dawa ya minyoo kwa awamu. Makala yao ya mwaka 2004 ilisema dawa hiyo ya bei ya chini ilipunguza kukosa shule, hata kwa watoto ambao hawakuimeza. Kremer akaja kupata tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili mwaka 2019, kwa jumla ya kazi za namna hiyo. Lakini katikati, mwaka 2015, watafiti wengine walizipitia data zilezile upya wakakuta makosa ya hesabu, wakabisha baadhi ya matokeo. Ugomvi ukawa mkubwa hadi ukaitwa vita vya minyoo. Wangewezaje kubisha? Kwa sababu waandishi wa kwanza waliwapa data zao. Hiyo ndiyo heshima ya neno hili. Linaposimama wima linakuja na mlango wazi: ingia, hesabu mwenyewe.

Nikiishia hapa nitakuwa nimeandika tangazo la sayansi, na kuna kitu bado kinaniwasha. Mahakamani shahidi ana jina. Kwenye utafiti, mara nyingi aliyeona na aliyeandika ni watu wawili tofauti, na wa kwanza anabaki kuwa "sampuli".

Mwaka 2020 watafiti wanne walitoa makala kuhusu maji mtaani Kayole-Soweto, hapahapa Nairobi. Swali lao lilikuwa la maana: kampuni ya maji itawezaje kulipwa na wenye ploti wenye madeni, ili iweze kuendelea kuhudumia mitaa ya watu wa kipato cha chini? Njia yao ilikuwa hii. Wenye ploti waliodaiwa waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walitumiwa onyo kwamba wasipolipa watakatiwa, na waliokaidi wakakatiwa. Kundi la kulinganishia lilikuwepo safari hii. Matokeo yakaandikwa: malipo yaliongezeka, na madhara kwa ustawi wa wapangaji hayakuonekana kwenye vipimo vyao. Makala ilipofika mtandaoni watu walipandwa na hasira. Waandishi wakajibu kwamba kukata maji ya anayedaiwa ilikuwa tayari sera ya kampuni, na kwamba waliomba vibali vilivyohitajika.

Sitaki kuwa hakimu wa kesi hiyo yote. Nataka kutazama neno tu. Mpangaji wa ploti iliyokatiwa maji hakuwa na deni; mwenye ploti ndiye aliyedaiwa. Asubuhi yeye ndiye aliyebeba mtungi. Je, asubuhi ile haikuwa uzoefu? Kwa Kigiriki chenyewe, empeiria ni yale yaliyompitia mtu. Kwa hiyo mtu wa kwanza mwenye maarifa ya aina hiyo pale Kayole alikuwa mama mwenye mtungi, kisha ndipo wakaja wenye kompyuta. Lakini ukiitafuta sauti yake katika makala kama hizo, utaikuta imesagwa ndani ya wastani. Kile kilichompitia kinaitwa data kikishamtoka. Kikiwa bado kwake, kinaitwa malalamiko.

Hilo ndilo jambo ambalo ufasaha wa methodolojia hautibu peke yake. Utafiti unaweza kuwa safi kwa vipimo vyote na bado ukamwacha aliyeona nje ya mlango.

Sasa neno. Wapo wanaoandika "-a kijarabati", na nimesikia wenzangu wakilicheka kwamba lina vumbi la kamusi. Mimi nimeanza kulipenda, kwa sababu ukilisikiliza unasikia jaribu na mujarabu ndani yake, ukoo mzima. "-a kitakwimu" tuliache lifanye kazi yake ya takwimu. "-a kimajaribio" libaki maabara na kwenye mabomba ya Kayole. "-a kisayansi" ni pana mno, ni kama kumwita kila mtu "mkubwa" kwa kuwa hujui jina lake. Kwa mazungumzo ya kawaida, pale kwa base au kwenye simu, sioni ubaya wa kusema tu "ya kujionea" au "iliyoonwa na kupimwa". Ni ndefu kidogo. Lakini ina faida moja kubwa: ukiitamka, mtu anakuuliza hapohapo nani aliona, na nani alipima. "Empirical" ikitamkwa, watu wananyamaza. Neno zuri la utafiti ni lile linaloamsha maswali.

Nimalizie na siku ambayo swali hili lilinikuta mimi.

Nilikuwa nimepata kibarua cha kukusanya data, siku kumi, mtaa mmoja wa Eastlands. Tulikuwa na tableti, fulana za mradi na hojaji ya maswali 64. Kwa shosho mmoja anayeuza sukuma wiki nje ya mlango wake, nilifika swali la 30 na kitu, lile la kusema kama unakubali sana, unakubali, huna uhakika, hukubali, au hukubali kabisa. Akaacha kukata sukuma.

"Kijana, wewe ni wa ngapi kuniuliza haya?"

Nikamwambia sijui, shosho.

"Mwaka jana alikuja msichana. Kabla yake walikuja wawili, wa kiume. Niliwaambia choo kimejaa. Wakaandika. Na wewe nimekuambia choo kimejaa, umeandika. Sasa mnapoenda huko kusoma mlichoandika, huwa mnapata nini?"

Sikuwa na jibu kwenye tableti. Chaguo zilikuwa tano na hakuna lililokuwa lake. Nikasema nitauliza ofisini. Akanitazama jinsi watu wazima wanavyomtazama mtoto anayeahidi kurudisha sahani, kisha akasema sawa, endelea, lakini haraka, wateja wa jioni wanakuja.

Niliuliza ofisini. Nikaambiwa ripoti itakuwa tayari robo ya nne, na kwamba maoni ya wahojiwa kuhusu mchakato hayamo kwenye hojaji.

Tangu hapo kila nikiliona neno lile kwenye ukurasa, naliuliza kwanza maswali ya wakili: nani aliona, alihesabuje, anaruhusu nihesabu tena? Halafu naongeza la nne, lile la shosho: mlimrudishia nini aliyewaonyesha? Profesa na mganga, wote wawili, wanaliogopa hilo la nne kuliko yale matatu.

Kwenye mlingoti wetu karatasi mpya imeshabandikwa. Safari hii wameongeza maneno chini ya nambari ya simu: matokeo baada ya siku tatu. Nimeanza kufikiria kupiga, niulize kundi la kulinganishia liko wapi.